Tulipochekecha Vumbi la Ugogo

Miaka ya 1990, mama akimleta mtoto mwenye homa katika hospitali yetu ya misheni, upande wa Mvumi, kusini mashariki mwa mji wa Dodoma, muuguzi alimuuliza mambo mawili kabla ya kumpeleka maabara. Homa hii imeanza sasa, au ilishamshika ikamwachia na leo imerudi? Halafu: nyumbani mna papasi? Swali la pili liliwachekesha akina mama. Nani siku zile alikuwa na tembe lisilokuwa na papasi?

Mimi nilikuwa msaidizi wa maabara, kijana mwenye cheti kipya, nikapewa meza ya BS, yaani ya kupima vioo vya damu. Kazi yenyewe ni ya kurudiarudia. Unachoma kidole, unapaka tone nene la damu juu ya kioo, unaliacha likauke, unalimwagia rangi ya Giemsa, unasuuza, unaanika, kisha unainamia hadubini mpaka shingo inakufa ganzi. Mara nyingi tulikuwa tunatafuta malaria. Lakini kwenye baadhi ya vioo palitokea kitu kingine kabisa: nyuzi nyembamba za zambarau, zimejipindapinda, zimetawanyika katikati ya chembe nyeupe. Hao ndio Borrelia duttonii, bakteria wa homa ya papasi.

Mkuu wetu wa maabara, mzee mkali asiyependa maneno mengi, alinifundisha kuwaona wakiwa hai. Alichukua tone la damu mbichi ya mtoto aliyekuwa akiwaka homa, akalifunika kwa kioo chembamba, akaniambia, "Usitafute wadudu. Tazama damu inavyosukumwa." Nikatazama. Chembe nyekundu zilikuwa zimetulia, mara moja ikashtuka ikasogea, ya jirani yake nayo ikashtuka, kisha ya tatu. Kilichokuwa kikizisukuma sikukiona kwa haraka. Nilipokaza jicho ndipo nikauona uzi, mwembamba mno, unajizungusha kwenda mbele, unasita, unarudi nyuma njia ileile. Tangu siku hiyo sikuhitaji kushawishiwa na mtu kwamba homa hii si malaria iliyobadilisha sura.

Kwa msomaji wa mjini ambaye hajawahi kulala kwenye nyumba ya udongo, nieleze kidogo. Papasi ni kupe, ila si yule anayening'inia kwenye sikio la ng'ombe. Kupe wa ng'ombe ana gamba gumu na hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Papasi ana ngozi laini yenye mikunjo, rangi ya vumbi, hana macho, na mchana kutwa amejificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya mkeka au kwenye udongo wa pembeni mwa mafiga. Usiku hutoka, hunyonya kwa muda usiozidi saa moja, mara nyingi mwenye kunyonywa hana habari, kisha hurudi mafichoni akiwa amevimba kama zabibu. Sisi watu wa Dodoma zabibu ni mali yetu, kwa hiyo mtaniwia radhi kwa mfano huo. Akishashiba anaweza kukaa miaka bila kula. Narudia, miaka. Familia ikihama nyumba, papasi hahami. Anamsubiri atakayefuata.

Tena si lazima amuume mgonjwa ndipo awe na bakteria. Jike humrithisha mtoto kupitia mayai, hivyo papasi anaweza kuanguliwa akiwa tayari na ugonjwa ambao hajaupata kwa mtu yeyote. Na anaponyonya, hutoa majimaji kwenye vijitundu vilivyo karibu na miguu yake ya mbele. Bakteria wamo ndani ya mate na ndani ya majimaji hayo. Ukijikuna palipoumwa, umewafungulia mlango.

Homa inapokuja huja kwa kishindo: kichwa, viungo, kutapika, joto la kutisha. Baada ya siku chache hukatika ghafla. Mgonjwa anaoga, anakunywa uji, anasema ashukuriwe Mungu, anashika jembe. Kama wiki moja baadaye anaanguka tena. Siku zile hatukuwa na maelezo mengi ya kumpa zaidi ya "ndivyo ilivyo". Baadaye watafiti walitufafanulia kwamba bakteria hawa hubadilisha protini za juu ya mwili wao. Kinga ya mgonjwa inalijua kundi la kwanza na kulifyeka, lakini wachache wamekwisha kuvaa sura nyingine, nao wanazaana kimya kimya mpaka kinga iwagundue upya. Kwa hiyo pia, mtu akija kupimwa siku ambayo homa imepoa, kioo kinaweza kuwa safi kabisa na ugonjwa umo.

Walioumia zaidi walikuwa watoto wadogo na wajawazito. Wodi ya wazazi ndiyo iliyonifanya nisiuzoee ugonjwa huu. Kwa mjamzito, bakteria hujaa kwenye damu kuliko kwa mtu mwingine. Mimba zilitoka, watoto walizaliwa kabla ya wakati, na wapo waliozaliwa na bakteria tayari mwilini. Nimewahi kusoma kioo cha mtoto ambaye hajapewa hata jina, nikamkuta nao. Watu wazima wenyeji wa vijiji vile walikuwa wameshaumwa tangu utoto na wengi walikuwa na kinga ya aina yake. Mgeni hakuwa nayo. Mwalimu mpya akipangiwa kijijini, akilazwa kabla mwezi haujaisha, wazee walisema kijiji kimeshampokea.

Dawa ilikuwepo, na hilo ndilo jambo la kuudhi katika habari hii yote. Sindano ya penisilini (PPF) au vidonge vya tetrasaiklini, na kwa wajawazito erithromaisini, mgonjwa anapona. Tatizo lilikuwa saa chache za kwanza. Bakteria wanapokufa kwa wingi, mwili unashtuka: mgonjwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia, joto linapanda zaidi ya mwanzo, presha inashuka. Ndugu wakiona hivyo waliamini sindano ndiyo inayomuua. Manesi wetu walijua kukaa na mgonjwa usiku huo, maji pembeni na blanketi mkononi, mpaka upite.

Watafiti walianza kuja kwa zamu. Nasema watafiti, lakini hawakuwa timu moja. Walikuwepo madaktari waliokuwa wakiishi na kufanya kazi palepale, walikuwepo Waingereza, walikuwepo Wajapani waliotaka papasi na chembe zao za urithi, na walikuwepo wenzetu Watanzania wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sisi wa maabara tulikopeshwa kwao. Tulikuwa tunajua njia, lugha na nyumba ipi ina mbwa mkali.

Mkutano mmoja wa kijiji siusahau. Tulikaa chini ya mbuyu, mtendaji akafungua, mwenyekiti akasema yake, kisha mtafiti mmoja Mtanzania akaeleza kwamba wangeingia majumbani kutafuta papasi na wangechukua damu kidogo ya watoto. Neno damu lilipotajwa, watu walianza kunong'ona. Mumiani, yule mnyonya damu wa uvumi, hazungumzwi hadharani, lakini alikuwa amekaa nasi pale chini ya mbuyu. Bibi mmoja akasimama, akasalimia, "Mbukwenyi," tukaitikia. Akasema, "Wanangu, mmesema mnatafuta papasi. Papasi ninao, njooni mchukue hata debe zima. Damu ya wajukuu zangu ya nini tena?"

Yule mtafiti hakukimbilia maneno ya kitaalamu. Alisema, "Bibi, papasi ataniambia kama ana ugonjwa. Hawezi kuniambia kama ugonjwa huo ndio unaomlaza mjukuu wako."

"Basi tuanze na damu yako," bibi akasema.

Watu wakacheka. Mtafiti akanyoosha mkono, mimi nikamchoma kidole mbele ya kijiji kizima, nikapaka kioo. Bibi akaja kukitazama, akakinusa, akarudi kukaa. Nyumba yake ndiyo tuliyoanza nayo kesho yake, na wajukuu zake walipangwa mstari na yeye mwenyewe. Mikutano ya namna hiyo haiandikwi kwenye majarida ya kisayansi, ambako utakuta sentensi moja tu, kwamba ridhaa ilipatikana. Ilipatikana hivyo.

Kazi ya kukusanya papasi haina heshima yoyote. Unachomeka suruali ndani ya soksi, unaingia tembeni umeinama, unangoja macho yazoee giza. Tembe la Kigogo lina kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, madirisha ni vitundu. Ndani mna chumba cha watu, mna mahali pa ndama na mbuzi wadogo, kuku wanalala popote wanapotaka. Tulikuwa tunachota vumbi kwa mwiko kutoka chini ya kitanda, kando ya mafiga, kwenye kona ambako ukuta na sakafu vinakutana. Tunatoka nalo nje, tunalichekecha kwa chekeche la kawaida la unga, na kinachobaki tunakimwaga juu ya shuka jeupe juani.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Papasi akisumbuliwa hukunja miguu na kujifanya amekufa. Juu ya shuka utaona kokoto, vipande vya mkaa, mbegu za mtama, manyoya ya kuku, na huoni papasi hata mmoja. Unatulia. Unapuliza pumzi taratibu. Jua linapasha shuka. Kokoto moja inatoa mguu. Kisha nyingine. Ndani ya muda mfupi nusu ya kokoto zako zinatembea. Watoto wa kijiji walikuwa hodari kuliko sisi, macho yao yaliwakamata wachanga ambao sisi tuliwaacha, wadogo kama punje ya mchanga. Tuliwakataza wasiwashike, tukawapa kazi ya kuonyesha kwa kijiti, na mimi nikawadaka kwa kibano na kuwatia kwenye vichupa. Wengine waliingia kwenye spiriti. Wengine walisafiri wakiwa hai.

Kuna nyumba moja ninayoikumbuka kuliko zote, ya mwinjilisti aliyekuwa ameanza kujenga ya kisasa. Chumba cha kulala alikuwa amekisakafia kwa saruji na kupiga lipu ukutani. Jiko lilikuwa bado la udongo, hatua chache nyuma. Chumbani tulichekecha takataka zote tulizofagia, hatukupata kitu. Jikoni tulipata papasi wa kujaza vichupa. Mtafiti Mwingereza alikaa juu ya kinu, akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Mwinjilisti akatuuliza amefanya dhambi gani. Tukamwambia hajafanya, amefanya jambo jema, amalizie na jiko.

Jioni, baada ya chakula, ndipo tuliposimuliana. Nilidhani homa ya papasi ni habari ya Ugogo peke yake. Kumbe jina duttonii ni la mtu. Joseph Everett Dutton alikuwa daktari kijana wa chuo cha magonjwa ya tropiki cha Liverpool. Yeye na mwenzake Todd walikwenda Kongo, na mwaka 1905 wakathibitisha kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hii. Mwaka mmoja kabla yao, Ross na Milne walikuwa wameona bakteria hao katika damu ya wagonjwa Uganda. Dutton mwenyewe aliambukizwa, akafa Kasongo, mji wa Waswahili wa mashariki ya Kongo, Februari 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka huohuo Robert Koch alikuwa huku kwetu, wakati wa Wajerumani, akichunguza papasi kwenye vibanda walimolala wapagazi wa misafara. Yeye ndiye aliyewaona bakteria ndani ya mayai ya papasi. Nilipoambiwa hilo nilifikiria wapagazi wale, mzigo begani mchana, papasi usiku. Misafara ya bara ilikatiza Ugogo.

Habari iliyonishika zaidi ni ya Willy Burgdorfer, Mswisi. Miaka ya mwisho ya 1940, akiwa mwanafunzi Basel chini ya Profesa Rudolf Geigy, aliandika tasnifu yake kuhusu papasi na bakteria hawahawa wa kwetu, jinsi wanavyosafiri ndani ya mwili wa kupe. Geigy huyo ndiye aliyeanzisha maabara ya Ifakara, ambayo leo ni taasisi kubwa. Burgdorfer akahamia Marekani, kwenye maabara ya serikali huko Hamilton, Montana. Mwaka 1981 aliletewa kupe kutoka Shelter Island, New York. Alikuwa anatafuta vijidudu vya aina nyingine kabisa. Alipopasua utumbo wa kupe wale akakuta nyuzi zilizojipinda, akazitambua papo hapo, kwa kuwa ujana wake wote aliutumia kuzitazama ndani ya papasi wa Afrika. Hivyo ndivyo kisababishi cha ugonjwa wa Lyme kilivyojulikana, ugonjwa uliokuwa ukiwavimbisha magoti watoto wa Connecticut. Taarifa ilitoka mwaka 1982 na bakteria yule akaitwa Borrelia burgdorferi. Wamarekani wengi wanaoogopa kupe wa msituni hawajui kwamba jicho lililomwona lilifundishwa na papasi wetu.

Sasa matokeo. Nitayapitia harakaharaka, maana yameandikwa na wenyewe. Mwaka 1998 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kupulizia dawa ya lambda-sihalothrini kwenye nyumba zenye papasi kulipunguza homa hii kwa watoto wa chini ya miaka 5. Tuliliona hilo maabara kabla halijachapishwa. Lakini dawa ina muda wake, papasi wa ndani ya ufa anajua kungoja, na pampu isipokuwa na mtu wa kuilipia inageuka pambo la stoo.

Mwaka 1999 likatangazwa jambo ambalo kwa watu wa maabara lilikuwa sherehe: bakteria hawa walikubali kuoteshwa nje ya mwili. Miaka mingi walikuwa wakihifadhiwa ndani ya panya, unamwambukiza mmoja, unatoa damu, unampa mwingine, kwa sababu ndani ya chupa walikuwa wanakufa. Waliokubali kuota walitoka kwa wagonjwa wa Tanzania.

Mwaka 2003, jarida la The Lancet lilichapisha barua ya timu ya Watanzania, Waingereza na Wajapani. Kwa kipimo cha kusoma chembe za urithi walikuta bakteria katika damu za watoto wa upande wetu, na miongoni mwao aina ambayo haikuwa duttonii, haikuwa imewahi kuelezwa. Hilo lilikuwa jipya kwa wasomi. Kwangu kilichonigusa ni sehemu nyingine ya barua hiyo: bakteria walipatikana pia kwa watoto wasio na homa, watoto waliokuwa wakicheza. Vitabu vyetu vilikuwa vimeugawa ulimwengu katika wagonjwa na wazima, na vioo vyangu pia.

Kisha mwaka 2007 watafiti wakaja na habari ya kuku na nguruwe. Karibu miaka mia moja ilifundishwa kwamba homa hii ya Afrika Mashariki inakaa kwa binadamu na papasi tu. Timu ilipopima wanyama wanaolala ndani ya nyumba zenye papasi ilikuta chembe za urithi za bakteria hao katika damu ya kuku na nguruwe. Haina maana kwamba kuku ndiye anayetuambukiza, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Ila mtu yeyote aliyeona kuku wa Ugogo akitaga chini ya kitanda cha mama mwenye mimba hakushangaa sana.

Mwaka uliofuata, 2008, wataalamu wa Ufaransa wakachapisha ramani nzima ya urithi wa Borrelia duttonii. Walilinganisha na yule wa homa ya chawa, Borrelia recurrentis, ambaye ameua watu wengi sana Ethiopia na kwenye vita vya dunia, wakahitimisha kwamba yule wa chawa ni ndugu wa yule wa papasi, ila amepoteza sehemu ya urithi wake. Bakteria waliotumika, wanaoitwa Ly, walitolewa katika damu ya msichana wa Tanzania mwenye miaka 2. Niliposoma hilo nilinyanyuka mezani nikatembea kidogo. Sijui nilichoma vidole vya watoto wangapi wa umri ule. Najiuliza kama mama yake aliwahi kuambiwa kwamba bakteria wa damu ya binti yake wamesomwa herufi kwa herufi, na kwamba maabara za dunia zinawaagiza kwa jina fupi la herufi 2.

Baada ya hapo mambo yalitulia. Homa ya papasi kwenye vijiji nilivyovijua imepungua sana, na nisingependa kumpa sifa asiyestahili. Utafiti ulieleza, haukuwafukuza papasi. Waliowafukuza ni saruji, mabati na vitanda vya kununua, pesa za alizeti na zabibu, watoto walioajiriwa mjini wakatuma fedha za kujengea wazazi. Mwinjilisti yule alimalizia jiko lake. Tangu serikali ihamie Dodoma, viwanja vimepanda bei, matembe yanabomolewa, na anayetaka kuona la zamani anapelekwa kama mtalii. Papasi anahitaji ufa na vumbi. Umnyime hivyo viwili umemaliza kesi, bila hata kumjua jina lake la Kilatini.

Lakini si kila nyumba imepata saruji. Bado zipo, nyuma ya zile za mabati, hasa za wajane na za wachungaji wa mbali, na wageni wa mashambani bado wanalala kwenye vibanda vya zamani msimu wa mavuno. Na hapa nina ugomvi na maendeleo yetu wenyewe. Siku hizi mtoto akiwa na homa anapimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, kile kijiti cha plastiki chenye mistari. Kipimo kizuri, kimeokoa watu, na mimi nilishangilia kilipokuja. Kasoro yake ni kwamba kinajibu swali moja tu. Sisi wa hadubini tulikuwa tukitafuta malaria tukakutana na homa ya papasi njiani. Kijiti hakikutani na kitu njiani. Kikiandika hasi, mtoto anapewa panadol na antibaiotiki iliyopo kabatini. Ikiwa antibaiotiki hiyo inawaua borrelia, anapona na hakuna anayejua aliumwa nini. Ikiwa haiwaui, homa inapoa yenyewe, mama anarudi nyumbani na imani, na wiki ijayo tunaanza upya. Kwenye takwimu ugonjwa umekwisha. Hatuwezi kuhesabu tusichokitazama.

Nimestaafu, lakini vijana wa maabara wa zahanati za jirani wananipitia mara kwa mara. Mmoja aliniambia hajawahi kumwona borrelia hata kwenye picha ya mtihani. Sikumlaumu, hadubini ya kituo chake ilikuwa imefunikwa kwa kanga na taa yake imeungua. Kwake na kwa wenzake wa Dodoma, Singida na popote kwenye nyumba za udongo, ombi langu ni dogo. Mtoto au mjamzito akiwa na homa kali, kipimo cha malaria kikiwa hasi, muulizeni mama maswali mawili yale ya zamani: ilishaondoka ikarudi? Nyumbani mna papasi? Akijibu ndiyo, chukueni damu homa ikiwa juu, pakeni tone nene, wekeni Giemsa, na msiondoe jicho kwenye hadubini mpaka mmepitia kioo chote.